Jasho la timu ndogo lilipwe

Kule Marekani, katika futiboli yao ya kubeba mpira mikononi, timu 32 zinachagua vijana kwa zamu kila mwaka. Ile iliyoshika mkia njo inaanza. Mwaka 1996 Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, alichaguliwa wa 8, na Carolina Panthers.

Huku kwetu mwenye pesa njo anaanza. Kijana aking'ara Stade de la Concorde hapa Kadutu, awe wa Muungano, wa Dawa ao wa ekipe ya mtaa, timu kubwa inamubeba. Wazazi wengi wanasema: aende tu, njaa haingoji. Hatuwalaumu. Lakini timu iliyomulea inabaki na nini?

FIFA iko na sheria. Mchezaji akiuzwa toka nchi moja kwenda ingine, asilimia 5 ya bei inagawanyiwa timu zilizomulea tangu miaka 12 mpaka 23. Iliyokaa naye tangu 12 mpaka 15 inapata asilimia 1. Akiuzwa dola 100 000, hiyo ni dola 1 000: mipira na viatu vya wadogo zake.

Ndugu wachimbaji, tunajua gunia bila etiketi: hakuna anayejua limetoka shimo gani. Mutoto bila lisansi ni vilevile. Sisi wa sendika tunaomba: timu ijiandikishe kwenye ligi, mutoto apate lisansi mapema, na kila karatasi itunzwe. Bila karatasi, jasho letu halina mwenyewe.