Mazingaombwe ni Kazi ya Mikono: Habari Kutoka Japani

Wengi wetu tumewahi kumwona mfanya mazingaombwe. Alikuja shuleni siku ya soko, akatoza kiingilio kidogo, akatoa vitambaa vitatu ndani ya kopo tupu na yai mdomoni mwa mtoto. Watoto walipiga kelele. Wazee wengine waliondoka mapema wakinong'ona, "Yule bwana ana dawa." Kesho yake ameshaondoka na mkoba wake, lakini mabishano yanabaki kijijini wiki nzima.

Leo tunaeleza habari za watu wanaofanya kazi hiyo hiyo katika nchi ya Japani, kule visiwani mashariki ya Asia. Tumechagua Japani kwa sababu huko kazi hii ni ya zamani. Ina walimu na wanafunzi, ina majina yanayorithiwa, na ina taabu zake za kutafuta riziki. Tena Wajapani wa zamani waliipa jina lisilo na uwongo. Waliiita tezuma. "Te" maana yake ni mkono. "Zuma", wanavyoeleza wengi, imetoka katika neno lao la umeme wa radi. Basi ni mkono wenye kasi ya radi. Hamna pepo katika jina hilo, wala hirizi.

MAJINA MEUSI NA MAJINA MEKUNDU

Katika mji mkuu, Tokyo, ziko nyumba za burudani zinazoitwa yose. Moja iko sehemu ya Asakusa, ilifunguliwa mwaka 1964. Nyingine iko Shinjuku, na jengo lake la mbao ni la mwaka 1946. Unalipa mlangoni, unaingia, unakaa. Kipindi cha mchana kinachukua masaa mengi, na usiku kinakuja kingine.

Kazi kubwa ya nyumba hizo ni hadithi za kuchekesha. Msimulizi anakaa chini juu ya mto mmoja, ana pepeo la kukunja na kitambaa basi. Kwa hivyo viwili anaigiza watu wote wa hadithi. Anamaliza, anakuja mwingine, halafu mwingine. Sasa nanyi mnajua, hata hadithi tamu zikifuatana sana masikio yanachoka. Kwa hiyo katikati yao wanawekwa watu wa kubadilisha ladha: mrusha mipira, mkata karatasi kwa mkasi, watu wawili wa kutaniana, na mfanya mazingaombwe.

Nje ya nyumba kuna ubao wa majina. Majina ya wasimulizi huandikwa kwa wino mweusi. Hao wengine huandikwa kwa wino mwekundu, na kwa sababu hiyo wanaitwa iromono, yaani "vitu vya rangi". Sisi tulipolisikia jina hilo tuliona lina dharau kidogo. Lakini linaeleza mahali pa mtu huyu. Yeye ni mgeni katika nyumba ya wasimulizi, naye anajua.

Zamu yake ikifika, kijana mwanafunzi anaondoa ule mto na kuweka meza ndogo. Muziki unapigwa, mfanya mazingaombwe anaingia, anasimama. Ana dakika 15, mara nyingi hata hazifiki. Ndani ya dakika hizo lazima awachekeshe watu, awashangaze, kisha aondoke bila kuacha karatasi au uzi sakafuni, maana anayefuata anahitaji jukwaa safi.

Zamu iliyo ngumu kuliko zote ni ile ya mtu wa mwisho kasoro mmoja. Msimulizi mkuu ndiye anayefunga siku. Aliye kabla yake kwa kawaida ni mtu wa wino mwekundu, na mara nyingine ni mfanya mazingaombwe. Watu wamekaa masaa, wengine wanasinzia. Anapaswa kuwaamsha. Lakini asiwaamshe mno! Akifanya maajabu makubwa mpaka watu wasimame na kupiga vigelegele, mkuu atakayeingia atakuta watu wameshashiba. Ni kama kwenye arusi zetu: anayesema kabla ya mzee wa ukoo hatakiwi kumaliza maneno yote. Tena kama saa zimepita, anakata mchezo wake katikati. Kama mkuu amechelewa njiani, anaurefusha, na watazamaji wasijue kitu.

Hebu fikirini, mtu amejifunza miaka kushangaza watu, halafu siku yake ya heshima ni siku anayotakiwa kujizuia. Sisi tunaona hapo ndipo fundi anapojulikana.

RIZIKI INATOKA WAPI?

Ratiba ya yose hubadilika kila siku 10. Mwezi una mafungu matatu: tarehe 1 mpaka 10, 11 mpaka 20, na 21 mpaka 30. Malipo yanafuata idadi ya watu walioingia. Siku ya mvua wamekuja watu wachache, na fungu la kila mmoja linakuwa dogo. Kwa hiyo mtu wa kazi hii hategemei yose peke yake. Anaitwa arusini na hotelini. Mwezi wa Desemba una neema, maana makampuni ya Japani yana desturi ya kufanya karamu za kuaga mwaka.

Ziko pia baa ndogo ambazo mteja anakwenda hasa kuona mazingaombwe. Mteja amekaa hapa, mikono ya fundi iko pale, kati yao ni upana wa meza. Jukwaani una mwanga na umbali wa kukusaidia. Mezani mlevi mmoja anaweza kukukamata kiganja na kusema, "Fungua!" Ukifunguliwa, usiku wako umekwisha.

MKONO UNAVYOFUNDISHWA

Sasa, je, mkono unafundishwaje? Chukua sarafu moja. Iweke katikati ya kiganja, kisha ukunje kiganja kidogo sana mpaka nyama ya upande wa kidole gumba iibane. Geuza mkono chini. Kama sarafu haikuanguka, umeanza. Sasa, ukiwa bado umeibana, shika kikombe, jikune sikio, amkia mtu. Hapo ndipo wengi tunashindwa, maana mkono wenye siri hukakamaa, nao mkono uliokakamaa unasema wenyewe, "Nimeficha kitu." Fundi anafanya mazoezi mpaka mkono usahau kwamba umebeba sarafu.

Jambo la pili ni macho. Watu hutazama pale anapotazama fundi. Akitazama mkono wake wa kulia, nanyi mtatazama wa kulia. Na harakati kubwa huficha ndogo. Mkono mmoja ukiruka juu, hakuna atakayeona kidole cha mkono wa pili kikijikunja. Mama anayemlisha mtoto asiyetaka uji anaifahamu mbinu hii. Anamwonyesha ndege dirishani, kijiko kinaingia.

Mjapani mmoja, Ishida Tenkai, alizaliwa mwaka 1889 na kufariki mwaka 1972. Alifanya kazi Marekani miaka mingi, akarudi kwao mwaka 1958. Namna yake mojawapo ya kuficha kitu mkononi inaitwa kwa jina lake mpaka leo, hata na wasiojua neno moja la Kijapani. Wengine huacha mashamba au majumba. Yeye aliacha namna ya kukunja kiganja.

KIPEPEO CHA KARATASI

Lakini mchezo wenyewe wa Kijapani, ule wa kurithiwa, ni wa kipepeo. Lugha yetu ina bahati hapa, maana kipepeo mdudu na kipepeo cha kujipepea kwetu ni neno moja. Huko navyo hivyo viwili ndivyo vinavyokutana.

Fundi anachukua kipande cha karatasi nyeupe. Anakichana mbele yenu, anakisokota katikati, kinapata mabawa mawili. Anakirusha na kukipepea kwa pepeo la kukunja. Kumbe hakianguki! Kinapanda, kinashuka, kinatua kwenye ukingo wa pepeo, kinaruka tena, kinakwenda kwenye ua. Baadaye anatokea kipepeo wa pili. Wanafuatana, wanacheza, wanatua pamoja. Mwishowe wote wawili wanaingia kiganjani, na kiganja kikifunguka yanatoka mamia ya vipande vyeupe na kujaza hewa, kana kwamba ni watoto wao.

Fundi aliyeupa mchezo huu sifa ni Yanagawa Itchosai, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Vikundi vya Wajapani vilivyofika Ulaya miaka ya 1860 viliwaonyesha watu wa huko, nao walishangaa sana.

Siri yake hatuiandiki hapa. Tunajua kuna wasomaji watakaokasirika. Lakini mwacheni tufike kwenye habari ya kesi, mtatuelewa.

MSAFIRI WA KWANZA

Kuhusu hizo safari, iko habari moja inayotufurahisha. Kwa zaidi ya miaka 200 watawala wa Japani waliwakataza raia kutoka nje ya nchi, na adhabu ilikuwa kifo. Mwaka 1866 katazo hilo liliondolewa. Je, nani alipewa hati ya kusafiria namba 1? Mngedhani waziri, au tajiri. Hapana. Alipewa Sumidagawa Namigoro, mfanya mazingaombwe, aliyekuwa akienda Marekani na Ulaya pamoja na kikundi cha wanasarakasi. Hati ile haikuwa na picha. Waliandika tu namna alivyo: kimo, macho, pua, mdomo, uso. Mtu ambaye kazi yake ni kudanganya macho alivuka bahari kwa maelezo ya macho yake.

Baada yake walikuja wakubwa wengine. Shokyokusai Tenichi alijulikana kwa mchezo wa maji, ambapo maji huruka kutoka kwenye ncha za pepeo na panga. Mwanafunzi wake mwanamke, Shokyokusai Tenkatsu, alikwenda naye Marekani mwaka 1901, na baadaye akaongoza kikundi chake mwenyewe. Jina hilo la Shokyokusai bado linatumiwa na mafundi wa leo, maana mwanafunzi hulipokea kwa mwalimu wake. Mwaka 1997 serikali ya Japani iliuweka ufundi huu wa kijadi katika orodha ya sanaa ambazo lazima ziandikwe na kuhifadhiwa.

SARAFU NA MAHAKAMA

Tumefika kwenye kesi. Japani ina sheria ya mwaka 1947 inayokataza kuharibu sarafu ya serikali. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi mwaka mmoja au faini isiyozidi yen 200,000. Sheria hiyo inahusu sarafu tu, noti haimo. Sasa baadhi ya michezo inahitaji sarafu iliyochongwa kwa namna fulani. Mwaka 2006 polisi walikamata watu kwa ajili ya sarafu za Japani zilizochongwa kwa kazi hiyo.

Kosa ni kosa, hatutetei. Lakini habari ilipotangazwa, vituo vya televisheni havikuishia kusema nani amekamatwa. Vilionyesha sarafu zenyewe na jinsi zinavyotumiwa. Usiku mmoja watu wa nchi nzima waliona kilichokuwa ndani ya kiganja. Wenzao wengine, ambao hawakuvunja sheria yoyote, waliamka asubuhi na mchezo usiouzika.

Mwaka 2007 wafanya mazingaombwe 49 walikwenda mahakamani Tokyo kuvidai vituo viwili fidia. Walisema siri ni mali yao, wameinunua kwa fedha na kwa miaka ya mazoezi. Mwaka 2008 mahakama iliyakataa madai yao.

Sisi tumebishana juu ya jambo hili hapa ofisini. Mmoja wetu alisema, "Mwananchi ana haki ya kujua." Ni kweli, tena gazeti letu lipo kwa ajili hiyo. Anayekwambia kwamba atazidisha noti zako kwa dawa, huyo lazima afichuliwe, tena mapema, kabla hajapanda basi. Lakini mfanya mazingaombwe amekwisha kukwambia mlangoni kwamba atakudanganya, nawe umelipa ili udanganywe vizuri. Hajakuibia. Mhunzi hapelekwi polisi kwa kuwa haonyeshi kila mpita njia namna anavyopoza chuma chake. Mwenzetu hakukubali mpaka tunaandika haya.

Kule Asakusa tarehe 10 ikifika usiku, fundi anakunja kitambaa chake, anahesabu vifaa kimoja kimoja, anafunga mkoba. Majina ya ubaoni yanashushwa. Kesho asubuhi yatapandishwa mengine, meusi kwa mekundu, na yeye atakwenda nyumba nyingine, au atangoje arusi.