Jua la Dodoma na Umeme wa Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Jiji la Dodoma, lililo katika ukanda mkavu wa kati wa Tanzania, hupata mvua za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi inayosalia jua huwaka karibu kila siku, hali inayoyafanya mapaa ya nyumba kuwa chanzo cha kuaminika cha umeme. Hata hivyo, kaya nyingi hupoteza fedha kwa kununua mitambo isiyolingana na matumizi yao.

Paneli ya wati 400 ikipata jua kamili kwa saa 5 kwa siku, hesabu ya kawaida ni uniti 2. Baada ya kuondoa upotevu unaotokana na joto, vumbi, nyaya na betri, kiasi kinachobaki ni takriban uniti 1.5. Taa 5 za wati 9 na televisheni ya wati 60 zikitumika kwa saa 5, pamoja na feni ya wati 50 kwa saa 8, hutumia chini kidogo ya uniti 1. Pasi, jiko la umeme na hita ya maji huhitaji mtambo mkubwa zaidi.

Jua kali si sawa na umeme mwingi. Uwezo wa paneli hupimwa ikiwa na nyuzi joto 25, ilhali juu ya bati mchana inaweza kufikia nyuzi 60 na kupoteza zaidi ya asilimia 10 ya uwezo wake. Ndiyo sababu mafundi huacha nafasi ya hewa kati ya paneli na bati. Kwa kuwa Dodoma iko kusini mwa Ikweta, paneli huelekezwa kaskazini kwa mwinamo mdogo, na wakati wa kiangazi hufutwa vumbi asubuhi kabla hazijapata joto.

Sehemu inayochakaa mapema ni betri. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200, lakini haipaswi kutumika zaidi ya nusu. Kaya inayohitaji uniti 1 usiku italazimika kuwa na betri 2 za aina hiyo.

Mwananchi anashauriwa kuorodhesha vifaa vyake na saa za matumizi kabla ya kwenda dukani, kukagua alama ya ubora ya TBS, kudai risiti na dhamana ya maandishi, na kumtumia fundi mwenye leseni ya EWURA.