Joto la Wote Lisiwe la Wachache

Sheria ya mji wa New York inamlazimu mwenye nyumba kuwapatia wapangaji wake joto kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31. Mchana, baridi ya nje ikishuka chini ya nyuzi 13 za Selsiasi, ndani kusipungue nyuzi 20. Usiku kusipungue kiasi cha nyuzi 17. Sheria hii ni njema. Lakini sheria huagiza joto tu. Kuligawa ni kazi ya watu na mabomba.

Huenda msomaji akauliza mvuke wa New York watuhusu nini sisi tuliozaliwa juani. Watuhusu kwa kuwa wako ndugu zetu wanaoishi huko, na kila majira ya baridi malalamiko ni yale yale: orofa ya pili watu hulala madirisha wazi kwa fukuto, na orofa ya sita, katika jengo hilo hilo, mtoto hulala na koti. Wote wanalipia moto mmoja. Hiyo ni dhuluma, ijapokuwa hakuna aliyeikusudia.

Chanzo chake si kigumu kukifahamu. Chini ya jengo kuna boila, na mvuke wake hupanda kwa mabomba hadi kwenye rejeta za chuma zilizomo vyumbani. Katika majengo mengi ya zamani bomba ni moja tu: mvuke hupandia humo, na ukishapoa na kuwa maji hurejea humo humo. Lakini kabla ya boila kuwaka, mabomba yote yamejaa hewa, na mvuke hauingii mpaka hewa itoke. Kwa hiyo kila rejeta ina kipumulio kidogo, kinachotoa hewa na kujifunga mvuke ukikifikia. Rejeta iliyo karibu na boila hujaa mapema. Ya mbali hungoja. Na kipimajoto kinachoongoza boila kikiwa upande wa walio karibu, moto huzimwa kabla wa mbali hajapata fungu lake.

Mwenye baridi akilalamika, msimamizi huongeza moto na msukumo. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Aliyeshiba huzidishiwa, naye hufungua dirisha, na fedha za wote hupepea nje. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wala msukumo mkubwa haumfikishii mvuke aliye mbali, maana kizuizi chake ni hewa isiyopata pa kutokea. Msukumo wa paundi 2 au pungufu kwa inchi ya mraba kwa kawaida hutosha.

Dawa ni mizani. Kwanza, vipumulio vikubwa viwekwe mwisho wa mabomba makuu, ili mvuke uyafikie mabomba yote ya kupanda kwa wakati unaokaribiana. Pili, rejeta zenye joto la kupita kiasi zipewe vipumulio vya polepole, na zenye baridi vipumulio vya kasi. Tatu, mabomba ya chini yavikwe kinga ya joto, na kila rejeta iinamishwe kidogo kuelekea bomba lake ili maji yarudi; yakikwama hukutana na mvuke, na kishindo chake, mfano wa nyundo, huamsha jengo zima. Mpangaji naye aifungue vali yote au aifunge yote; vali ya nusu huzuia maji njiani.

Kazi hii haihitaji boila mpya. Yahitaji fundi mwenye subira na wakazi wenye insafu, na insafu ndiyo adimu. Yule wa orofa ya pili hana budi kukubali kipumulio chake kibadilishwe, apate joto taratibu ili jirani naye apate. Akimfungia fundi mlango, anaharibu hesabu ya jengo zima. Katika majengo ya ushirika, ambamo wakazi ndio wenye hisa, jambo hili limo mikononi mwao wenyewe.

Tena wakati hauwangoji. Sheria iliyopitishwa mwaka 2019 imeweka, tangu 2024, kikomo cha hewa chafu kwa majengo mengi ya mji huo yanayozidi futi za mraba 25,000, na anayekivuka hutozwa faini. Dirisha linaloachwa wazi Januari hugharimu mafuta, na huenda likagharimu faini pia.

Tunasema, basi, wakazi wasingoje baridi ianze ndipo walaumiane. Waitishe mkutano kabla ya Oktoba. Joto likianza, wapime katika fleti za juu na za chini, za karibu na za mbali. Fundi arekebishe, kisha wapime tena. Kuni zikiongezwa bila mgao wa haki, aliye mbali na jiko atazidi kutetemeka.