Maharagwe ya Manjano Hayakuwa Mapya

Mwaka wa 1994 mfanya biashara mmoja wa Marekani alinunua mfuko wa maharagwe huko Mexico. Alichagua yale ya manjano, akayapanda katika jimbo la Colorado, akavuna na kuchagua tena. Akayaita Enola. Mwaka wa 1996 aliomba hati ya uvumbuzi, yaani hataza, na mwaka wa 1999 akapewa.

Hati hiyo humpa mtu haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza kitu chake. Basi kampuni yake, POD-NERS, iliwashtaki watu waliokuwa wakiingiza Marekani maharagwe ya manjano ya Mexico. Wakulima wa Mexico, ambao walikuwa wakiyalima tangu zamani, wakaona soko lao linafungwa.

Desemba 2000, CIAT, kituo cha utafiti wa kilimo kilicho Colombia, kiliomba hati hiyo ichunguzwe upya. Kituo hicho kina ghala ya mbegu, na kilitoa ushahidi kwamba maharagwe ya namna hiyo yalijulikana zamani. Ofisi ya hataza ikayakataa madai ya kampuni. Kampuni ikakata rufani mbele ya baraza la ofisi hiyo, ikashindwa mwaka wa 2008. Ikaenda mahakama ya rufani, ikashindwa tena Julai 2009.

Kwa nini ilishindwa? Sheria huuliza: Je, kitu hiki ni kipya? Na hata kikiwa kipya, je, mtu yeyote aijuaye kazi hiyo hangeweza kukifanya kwa urahisi? Mahakama ilikata shauri kwa swali hili la pili. Kupanda mbegu za manjano, kuvuna, na kuchagua zilizo za manjano ni jambo ambalo kila mkulima alijua. Ni kazi njema, lakini si uvumbuzi.

Hapa Kenya pia, Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 hutaka uvumbuzi uwe mpya na usiwe jambo la wazi kwa wenye ujuzi.

Kumbuka, hata hivyo, kwamba miaka kumi ilipita kabla ya shauri hilo kwisha, na muda huo wote hati ilikuwa na nguvu. Kwa hiyo, mkulima, ukiwa na mbegu ya wazee, andika jina lake, mahali ilipotoka na mwaka ulipoipanda. Mwulize pia afisa wa kilimo jinsi ya kupeleka sampuli katika ghala ya mbegu ya taifa, Muguga. Mbegu iliyoandikwa ina shahidi.