Tairi Lipasukapo Safarini

Huko Marekani jamaa nyingi husafiri wakati wa likizo wakikokota nyuma ya motokari trela, yaani nyumba ndogo ya magurudumu, yenye vitanda na jiko. Baba aendesha, watoto waimba. Mara mshindo mkubwa wasikika: tairi la trela limepasuka. Baba afanyeje?

Moyo wamwambia akanyage breki kwa nguvu. Asiusikilize! Trela yaweza kuyumba na kuipindua motokari. Ashike usukani imara kwa mikono miwili, aelekee mbele, aondoe mguu polepole kwenye mafuta, na mwendo ukisha kupungua asimame kando ya njia.

Twauliza sasa: kwa nini lilipasuka? Tairi lenye upepo haba, au lililotwikwa mzigo kupita kiasi, hujikunja mno kila lizungukapo. Kujikunja huleta joto, na joto hubandua mpira kutoka nyuzi zilizomo ndani. Tena trela hukaa miezi mingi bila kazi. Mpira huzeeka juani, hali meno yake yangali mazima.

Basi tusitazame meno tu. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa alama zianzazo kwa DOT, mna tarakimu nne: 2319 maana yake lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Na upepo upimwe kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi. Ni kazi ya dakika chache; lakini baba aipuuzaye huweka rehani maisha ya wanawe.