Donge la Risasi na Mtutu Wake

Ukitoka Mwenge kwenda Tegeta unapita Kambi ya Lugalo. Hadi maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 kambi ile ikiitwa Colito; baadaye ikapewa jina la mahali karibu na Iringa ambapo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Kijerumani wa Emil von Zelewski. Zelewski aliuawa pale pamoja na Wajerumani wenzake kadhaa na mamia ya askari na wapagazi. Hadithi hiyo husimuliwa kama hadithi ya ushujaa, na ni haki yake. Inastahili pia kusimuliwa kama somo la fizikia.

Kwa silaha peke yake, msafara ule haukupaswa kushindwa. Askari walibeba Mauser, bunduki zenye mifereji ndani ya mtutu, zinazolenga vizuri mita mia kadhaa. Wahehe walikuwa na mikuki, ngao na bunduki chache. Lakini walijificha mpaka umbali ukabaki hatua chache, kisha wakainuka kwa pamoja. Wengi wa askari hawakuwahi kufyatua zaidi ya mara moja au mbili. Faida yote ya mifereji ile iko mbali. Umbali ukiondoka, faida nayo imeondoka.

Mifereji hiyo inafanya nini hasa? Mtutu laini, kama wa gobore, unaitoa risasi ya mviringo ikiwa inagonga huku na huku ukutani. Mgongano wa mwisho karibu na mdomo ndio unaoipa mzunguko, na hakuna ajuaye utakuwa wa upande gani. Benjamin Robins, Mwingereza aliyeandika kitabu chake cha mizinga mwaka 1742, alieleza kwamba mzunguko huo wa bahati nasibu ndio unaoifanya hewa iisukume risasi pembeni, mara kulia, mara kushoto. Dawa yake ni kuipa risasi mzunguko unaojulikana, wenye mhimili unaoelekea mbele. Mifereji iliyojipinda ndani ya mtutu hufanya kazi hiyo. Risasi inayozunguka hivyo inashikilia mwelekeo wake kama pia inavyosimama kwenye ncha yake maadamu inazunguka kwa kasi.

Sasa tuje kwenye bunduki ambayo mkazi wa Kinondoni huiona mara nyingi kuliko nyingine yoyote: shotgun ya mlinzi, mbele ya benki au getini Mikocheni. Mtutu wake kwa kawaida ni laini. Umetengenezwa kwa ajili ya marisawa, zile gololi ndogo zinazotoka kwa wingi na kutawanyika, ambazo kwa mwindaji zinamfaa kwa kanga, kwale na njiwa. Namba ya shotgun, mara nyingi 12, ni hesabu ya zamani: ratili moja ya metali ya risasi igawanywe mafungu 12 sawa, kila fungu lisubiwe kuwa mpira, na mpira huo ndio unaoenea mtutuni. Upana wake ni milimita 18.5 hivi, na mpira wenyewe una uzito wa karibu gramu 38.

Ganda lile lile la shotgun linaweza kubeba donge moja zito badala ya gololi nyingi. Hapo ndipo swali la mwindaji linapoanza, kwa sababu madonge hayafanani, na mtutu usiolingana na donge lake huharibu kazi ya vyote viwili.

Mjerumani Wilhelm Brenneke alibuni donge lake mwaka 1898. Nyuma yake kimefungamanishwa kitu chepesi, kwa hiyo uzito wote uko mbele na mkia unaburutwa na hewa. Donge haligeuki hata bila kuzunguka. Mwaka 1931 Mmarekani Karl Foster akaja na lake: tundu kubwa nyuma, kichwa kizito mbele, kanuni ni ile ile. Yote mawili ni ya mtutu laini. Yana mistari iliyojipinda ubavuni, na watu wengi, hata wazoefu, huamini kwamba mistari hiyo ndiyo inayolizungusha donge. Mzunguko unaotokea ni mdogo mno kuwa na maana. Kazi ya mistari ile ni kuipa metali nafasi ya kubonyea pale donge linapopita kwenye mdomo uliobanwa, ili mtutu usidhurike. Hata hivyo mdomo uliobanwa sana haufai kwa donge. Ulio wazi zaidi hulenga vizuri na ni salama zaidi.

Aina ya tatu ni ya saboti. Humo risasi yenyewe ni nyembamba, mara nyingi milimita 12.7 hivi, na imevikwa koti la plastiki linaloenea mtutuni. Koti linashika mifereji, linazunguka pamoja na risasi, kisha likishatoka mdomoni linafunguka na kuanguka. Risasi nyembamba hukutana na hewa kidogo, kwa hiyo inatunza kasi yake. Hii ni ya mtutu wenye mifereji, na mtutu huo peke yake. Ukiifyatua katika mtutu laini umetupa pesa: hakuna kilichoizungusha, umbo lake si la kujitunza lenyewe, na itapinduka hewani ikienda inakotaka.

Kinyume chake kina afadhali kidogo. Donge la Foster katika mtutu wenye mifereji litapiga, lakini metali laini ya risasi inabaki ndani ya mifereji, na baada ya mapigo kadhaa shabaha inaharibika mpaka usafishe. Mwenye mtutu wa mifereji asitarajie pia kuwinda kanga nao: mzunguko unazitawanya gololi na kuacha uwazi katikati, na ndege anaweza kubaki humo bila kuguswa.

Takwimu zinasaidia kuona tofauti. Donge la Foster la gramu 28 hutoka kwa mwendo wa mita 470 au 480 hivi kwa sekunde, na likifika mita 100 limeshapoteza zaidi ya theluthi ya mwendo huo. Nguvu inafuata mraba wa mwendo, kwa hiyo nguvu inayofika ni chini ya nusu ya ile iliyotoka. Na linashuka: ukiwa umerekebisha shabaha ya bunduki kwa mita 50, kwa mita 100 litapiga chini kwa sentimita 15 au zaidi. Kifua cha swala pala dume, mnyama wa kilo 60 hivi, kinakupa duara la sentimita 20 tu la kumwangusha mara moja. Kosea umbali na umempiga tumboni, naye atakimbilia kichakani kufa taratibu, pengine usimwone tena. Hilo ndilo linalonifanya niseme bila kusita kwamba mwenye mtutu laini asizidishe mita 60 au 70, hata kama jirani yake amepata kwa mita 100. Saboti katika mtutu wa mifereji inaongeza umbali huo karibu mara mbili, ikiwa mpigaji amefanya mazoezi.

Namna ya kuchagua haina siri. Mitutu miwili ya kiwanda kimoja inaweza kupenda risasi tofauti, kwa hiyo maandishi ya kwenye boksi hayatoshi. Chukua aina mbili au tatu zinazoufaa mtutu wako, nenda kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, weka bunduki juu ya kitu kisichotikisika, piga mapigo matatu ya kila aina na uache mtutu upoe katikati. Ile inayoweka matundu karibu karibu ndiyo yako, hata kama si ya bei kubwa wala si ya kasi kubwa. Kisha nunua ya kutosha ya toleo lile lile.

Kwetu Tanzania swali hili lina mpaka wake. Paa wa mkia mweupe, ambaye kwa ajili yake Wamarekani walitengeneza mitutu ya shotgun yenye mifereji, hayupo Afrika. Sisi tuna jamii ya swala, kuanzia funo wa msituni hadi pofu anayeweza kufika kilo 900. Kuwinda yeyote kati yao kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na bunduki yenyewe imo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kwa wanyama hatari kama nyati, raifo ya .375 ndiyo kima cha chini, kwa hiyo shotgun isifikiriwe hata kwa donge zito. Na Pori la Akiba Pande, lile eneo dogo la msitu kuelekea Mabwepande lililofanywa pori la akiba mwaka 1990, si mahali pa mtu kwenda kujaribu chochote.

Liko suala la metali yenyewe. Risasi ni sumu, na vipande vidogo visivyoonekana kwa macho hubaki kwenye nyama mbali na jeraha. Mwaka 2008 huko North Dakota nyama ya mawindo iliyotolewa msaada ilipigwa eksirei na ikakutwa na vipande hivyo. Donge zito na la taratibu humegeka kidogo kuliko risasi ya raifo yenye kasi, lakini halina usalama kamili. Wanaoathirika zaidi ni tumbusi, ambao hula matumbo yaliyoachwa porini: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 nchini Botswana ulikuta takriban theluthi ya tumbusi waliopimwa wana risasi nyingi damuni. Jimbo la California lilikamilisha marufuku ya risasi za metali hiyo kwa uwindaji mwaka 2019. Madonge ya shaba yapo. Ni ghali, na mengi ni ya saboti, lakini anayewalisha watoto nyama ya mawindo angeanza na hayo. Asiye nayo akate na kutupa nyama yote iliyo jirani na jeraha.

Nimeliacha mwisho jambo ambalo kwa mkazi wa Kinondoni ni kubwa kuliko yote. Majimbo kadhaa ya Marekani yalikataza raifo katika kuwinda paa na kuruhusu donge la shotgun tu, kwa imani kwamba haliendi mbali. Utafiti ulioagizwa na Bunge la Pennsylvania, na kutolewa mwaka 2007, uliipima imani hiyo. Ikabainika kwamba bunduki ikifyatuliwa juu juu, raifo kweli inakwenda mbali zaidi. Lakini bunduki ikilengwa usawa wa ardhi, kama mwindaji anavyolenga, donge linalogonga chini halivunjiki kirahisi. Linaruka na kuendelea, na safari yake yote hufika takriban kilomita moja na nusu, mbele kidogo ya risasi ya raifo. Majimbo kama Iowa na Illinois yameanza kuruhusu baadhi ya raifo tangu hapo.

Hebu fikiria kilomita moja na nusu ya Kinondoni. Katikati yake kuna madarasa, vibanda, vitanda vya wagonjwa na watoto wanaocheza uchochoroni. Donge la risasi halina kazi katika bunduki inayolinda nyumba mjini. Kama unamiliki shotgun kwa kibali, au unaajiri mlinzi mwenye nayo, itoe risasi leo, tazama kwa tochi kama mtutu ni laini au una mifereji, soma kila ganda lina nini ndani, na madonge yote uyafungie mbali na bunduki hiyo.