Ile Sifuri Chini ya Barua ya Chuo

Ibada ikishamalizika, meza ya nyuma ya ukumbi wetu hugeuka ofisi. Machi na Aprili ndio msimu wa barua za vyuo hapa Marekani, na wazazi huja nazo wamezikunja mkobani. Safari hii mama mmoja, mfanyakazi wa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, alinikunjulia barua ya bintiye akaweka kidole mstari wa mwisho. "Dada, wameandika sifuri. Ndiyo kusema atasoma bure?"

Tukaisoma pamoja. Gharama ya mwaka, ada na bweni na chakula: dola 31,000. Ruzuku ya serikali iitwayo Pell, 7,395, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Ruzuku ya chuo, 6,000. Kazi ya chuoni, 2,500. Mkopo wa mwanafunzi, 5,500. Mkopo wa mzazi, 9,605. Jumla yake 31,000, baki sifuri.

Bure hapo ni ruzuku tu. Kazi ya chuoni ni mshahara ambao binti ataupata saa kwa saa akishaifanya. Mikopo ni deni, na ule wa mzazi utaandikwa jina la mama mwenyewe. Tulipotoa ruzuku mbili zikabaki 17,605 za mwaka mmoja. Kwa miaka minne ni 70,420, riba bado na ada haijapanda. Mama aliichukua kalamu akapiga hesabu upya, taratibu, kisha akanyamaza.

Binti anataka unesi. Nikamuuliza, je, anajua leseni hupatikana kwa njia ngapi? Koleji ya jamii hutoa shahada ndogo ya unesi kwa takriban miaka miwili, ukiacha masomo ya kutangulia kama anatomia. Chuo kikuu hutoa shahada kamili kwa minne. Wahitimu wa njia zote mbili hufanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN. Kweli, hospitali nyingi kubwa hupendelea shahada kamili, lakini hiyo unaweza kuimalizia ukiwa tayari kazini, na waajiri wengine huchangia ada.

Kabla ya kulipa hata senti, uliza mambo mawili: programu ina ithibati ya fani hiyo? Na krediti zake zitapokelewa na chuo unachotaka kuhamia? Wakupe jibu kwa maandishi. Mpwa wangu alisoma miezi kadhaa kwenye koleji ya binafsi aliyoiona kwenye tangazo la basi. Alipotaka kuhama haikukubaliwa hata krediti moja. Deni analilipa mpaka leo. Ukiingia kwenye tovuti ya serikali iitwayo College Scorecard, utaona kwa kozi nyingi wahitimu hupata kiasi gani na hutoka na deni gani. Mimi hupenda deni lote lisizidi mshahara wa mwaka wa kwanza.

Tena niseme hili: unesi tunausukuma kwa watoto wetu kwa sababu ndio tunaouona kila siku. Mtoto anayependa nyaya na mita akaingia uanagenzi wa ufundi umeme hulipwa huku anajifunza. Msimnyime.

Fomu ya FAFSA, ya kuombea msaada wa fedha wa serikali, kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1. Ijazeni mapema, maana fedha za baadhi ya majimbo huisha. Mwenye grini kadi anastahili. Aliyekuja kwa viza ya F-1 hastahili, huyo akaulizie msaada chuoni kwenyewe. Na mliohama jimbo karibuni, fahamuni kwamba vyuo vingi vya umma hudai mwaka mzima wa ukaazi ndipo mtoto atozwe ada ya wenyeji, iliyo nafuu zaidi.

Jumapili iliyofuata binti alikuja mwenyewe, na ratiba ya koleji iliyo vituo vitatu vya basi kutoka kwao. Amejiandikisha kemia, Agosti, darasa la asubuhi. Mama hutoka zamu saa moja, kwa hiyo atakuwa amefika nyumbani kubaki na wadogo.